Mke wa Kula Peke Yake

Ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha waliougua kansa ameniomba niwape moyo, lakini nimekuja na uchungu wangu, na sikuuacha nje. Mnaniita Nyar Uriri kwa sababu nilizaliwa Uriri, ila boma langu liko Karungu, na yaliyonipata yalinipata huko.

Ilianza kama kiungulia. Nikanunua vidonge dukani, nikameza, nikaendelea kulima. Nilipoanza kutapika damu ndipo mume wangu akanipeleka hospitali, wakakuta kansa ya tumbo. Wakanipasua, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula.

Kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani, sista mmoja, muuguzi wa wodi, aliketi kando ya kitanda akanifundisha kula upya. Nile kidogo, mara nyingi kwa siku. Nitafune ugali mpaka ulainike kabisa. Maji nisinywe pamoja na chakula, na chai yenye sukari nyingi niachane nayo. Nikishakula nisilale, nitembeetembee. Nikaona hayo ni mambo rahisi. Nani atashindwa kula kidogo?

Nawaambia, kidonda kilipona haraka kuliko midomo ya watu.

Mnajua boma zetu. Mke anapika, anapakua, wengine wanashiba, ndipo naye anaketi na wanawake wenzake kwenye sinia moja. Sasa huyu hapa ana kasufuria kake. Anakula asubuhi, anakula kabla ya mchana, anakula wenzake wakiwa shambani, na bado anakonda. Mama mkwe wangu alinitazama siku kadhaa, halafu akawaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mke wa kula peke yake. Wamama, mnacheka, lakini mnajua uzito wa neno hilo. Kwetu ni afadhali uitwe mvivu. Nilipomweleza habari ya upasuaji, akasema hata yeye alizaa kwa kupasuliwa na hakuwahi kula kabla ya mumewe.

Basi nikaanza kujificha. Nilikula nyuma ya nyumba, nimechuchumaa, nikimeza haraka kabla mtu hajatokea. Ndivyo hasa sista alivyonikataza nisile. Nikawa natokwa na jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linaendesha. Mume wangu aliona yote akanyamaza. Nilimchukia kwa hilo, na chuki hiyo haijaisha yote.

Kisha baba mkwe akafariki. Kwenye matanga wake wa boma hawakai chini, nanyi mnajua. Tangu alfajiri niliteka maji, nikasonga ugali, nikapakulia wageni, na sikuthubutu kuonja chochote mbele ya macho yote yale. Jioni tulipoketi, mama mkwe akanisukumia nyama yenye mafuta, akasema leo nile na watu. Nikala kama wao, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusemwa. Hatukuwa hata tumenawa mikono baada ya kula nilipoanguka.

Nilipozinduka, wengine walikuwa wakisema nimerogwa, wengine nimeharibu msiba wa watu. Wifi yangu, dada wa mume, ndiye peke yake aliyeniuliza sista alisema nini. Nikamwambia. Asubuhi yake nikachukua kasufuria kangu, nikabeba kiti, nikaketi katikati ya hema la matanga, nikala polepole. Wifi akaja na sahani yake, akaketi kando yangu. Mama mkwe akainuka akaenda zake, lakini mimi sikuwahi kujificha tena. Mwili ulirudi. Leo nalima, na jioni natembea hadi ufukweni na kurudi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini baadaye niliona mama mkwe haketi tena kwenye sinia. Kila akiitwa, anasema ameshakula. Siku moja nikaingia kwake bila kubisha, nikamkuta anatemea ugali kwenye leso.

"Nyar Uriri," akasema, "chakula kinakwama. Kimekwama tangu mavuno."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani? Wangesema nimekuwa kama wewe."

Nilimpeleka Homa Bay mimi mwenyewe. Kansa ilikuwa kwenye koo la chakula, na daktari akasema hawezi kumpasua, tumechelewa. Nikampikia uji mwepesi, nikamnywesha kijiko kwa kijiko, nikimketisha wima kama nilivyofundishwa. Alipofariki nililia sana, na nusu ya kilio hicho ilikuwa hasira. Angesema mapema, labda angekuwa ameketi hapa.

Namshukuru sista yule, popote alipo. Namshukuru wifi yangu, aliyekubali kusemwa pamoja nami. Mume wangu nitamshukuru siku atakapojifunza kufungua mdomo. Yuko pale nyuma, anasikia. Nanyi wa kikundi hiki nawashukuru, kwa kuwa hapa nakula na hakuna anayegeuka kutazama.

Nina neno moja tu la kuwaachia. Chakula kikianza kukwama, sema siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa mtu uliyemtukana. Na ukimwona mke wa mwanao na kasufuria kake, mwachie ale. Mama yule nilimsamehe akiwa hai, lakini mwishowe hakuweza kumeza hata uji niliompikia.