Nani Atawasha Taa Dirishani

Mheshimiwa Meya wa manispaa yetu, Bi Torgunn Sandvær. Mwalimu Gudmund na walimu wote wa shule ya Kvitnesøy. Wageni wetu mliovuka bahari, na wengine mliovuka mpaka wa nchi, mkafika katika ukumbi huu wa mazoezi na kukubali kukalia viti vya watoto. Wazazi wetu na wanafunzi wenzangu. Na wewe, Bi Eldbjørg Nesheim, uliyeketi safu ya mbele na soksi za sufu bila viatu, kwa sababu umesema shule hii ni nyumbani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Naitwa Sunniva, wa darasa la kumi. Nimetumwa niseme kwa niaba ya wanafunzi, na nitasema. Lakini ni vizuri mjue mapema kwamba nina ombi langu mwenyewe pia, nami nitalitoa mwishoni.

Leo tunamuaga Bi Eldbjørg, ambaye baada ya mwaka mpya anahamia kwa binti yake Bergen kwa sababu macho yake yamechoka. Jambo ambalo bado hatulijui ni kama tunaiaga pia blogu yake, Taa Dirishani. Mwezi wa Novemba aliandika maneno machache tu: "Herufi zimeanza kunikimbia. Disemba hii itakuwa ya mwisho." Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye basi la shule, nikapitiliza kituo changu.

Wengi mnajua ilivyoanza. Kwa miaka mingi Bi Eldbjørg aliendesha gari la kuondoa theluji, akatufungulia barabara kabla hatujaamka. Kutoka kiti kile cha juu aliziona taa za Krismasi kwenye madirisha ya kisiwa kizima, akawa anajiuliza: nyuma ya taa ile, watu wanafanya nini? Angeweza kushuka akabisha hodi, lakini nani hufungua mlango kwa furaha alfajiri? Alipostaafu akafungua blogu, akauliza kwa maandishi, na watu wakajibu. Tangu hapo, kila jioni ya Disemba mtu mmoja huandika desturi ya nyumba yake, na sharti ni moja tu, kwamba aache kitu ambacho msomaji anaweza kukichukua: vipimo vya biskuti, mchoro wa kufumia soksi, wimbo wa bibi yake. Mmoja aliandika kuhusu mganda wa shayiri unaosimamishwa uani kwa ajili ya ndege. Mwingine aliandika kuhusu bakuli la uji linalopelekwa zizini kwa yule mzee mdogo mwenye kofia nyekundu, mlinzi wa mifugo katika hadithi zetu za kale, ambaye hakuna aliyemwona na hakuna anayethubutu kumsahau.

Mnajua ninachojivunia zaidi katika blogu hii? Sijawahi kusoma humo neno la kumuumiza mtu. Ugomvi mkubwa kuliko wote ulihusu siagi, na mwenye ugomvi huo, Bi Kirsten Dalgaard kutoka Denmark, yuko hapa nasi na bado hajabadili msimamo.

Darasa letu liliingia humo kwa sababu ya Mwalimu Gudmund. Alitutaka kila mmoja aandike desturi ya kwao. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta kwa muda mrefu, kisha nikaandika hivi: "Nyumbani kwetu hatuna desturi. Mama anafanya kazi kwenye feri, na feri husafiri hata mkesha wa Krismasi. Kwa hiyo tunakula humo humo, kati ya safari mbili." Nikadhani kazi imekwisha.

Bi Eldbjørg akaniuliza chini ya maandishi yangu: "Mnakula nini?"

Nikajibu kwamba tunakula mbavu za kondoo zilizokaushwa kwa chumvi, na kwamba mama huzipika kwa mvuke katika jiko dogo la feri, hata abiria hushuka wakinukia kondoo.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, tangu nizaliwe."

"Basi, mwanangu, desturi unayo, tena ya kwako inaelea. Rudi ukaiandike vizuri, na usisahau kutuambia jinsi ya kuzuia sufuria isiteleze mawimbi yakija."

Niliiandika vizuri. Watoto wa manahodha, wa wauguzi na wa madereva wakaanza kuandika za kwao, ambazo nao walikuwa hawajazihesabu kuwa desturi. Nilijifunza jambo hapo, nami nalisema mbele ya walimu wangu bila kuwakosea heshima: mtu anaweza kuishi ndani ya kitu kizuri miaka yote asikijue, mpaka mwingine amuulize.

Wageni wetu, naomba niwakumbushe mkesha wa Krismasi wa mwaka juzi. Upepo ulivuma kwa nguvu hivi kwamba feri ilizuiwa upande wa bara, na mama akawa huko na abiria wake, huku mbavu za kondoo zikiwa kwenye jokofu letu huku kisiwani. Niliandika mstari mmoja kwenye blogu: "Leo meza yetu imekatika katikati." Sikuomba kitu. Baadaye mama alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. Mzee mmoja alikuwa ametembea mpaka gatini na sufuria kubwa ya uji wa mchele, ameifunga kwa blanketi.

Mama akamuuliza, "Samahani, baba, wewe ni nani?"

"Mimi ni wa blogu," akasema.

"Unaandika kwa jina gani?"

"Siandiki. Nasoma tu. Haya, gaweni kabla haujapoa, na mmoja wenu aangalie meno, nimeficha lozi."

Abiria wakala. Lozi ikaangukia bakuli la mama, naye mwenye lozi hupewa zawadi. Mzee hakuwa na zawadi, akampa blanketi. Mpaka leo hatujui jina lake. Kama uko hapa ukumbini, baba, blanketi tunalitunza, na usiku wa baridi tunaligombania.

Hao ndio watu wa Taa Dirishani. Je, watu kama hao waagane kwa ujumbe mmoja wa Novemba? Wao wenyewe walikataa. Juzi walisafiri kutoka kila upande, wakakutana kimya kimya gatini, nasi wanafunzi tukawapokea. Kisha tukafanya kama babu zetu walivyofanya siku hizi za kati ya Krismasi na mwaka mpya: tukawa mbuzi wa Krismasi. Tulivaa vinyago vya majani makavu na makoti ya kuazima, tukaenda kwa Bi Eldbjørg mchana, tukagonga. Kama ilivyo desturi, tuliongea kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti zetu zisitambulike, na mwenye nyumba alipaswa kutukisia mmoja mmoja.

Bi Eldbjørg akafungua mlango, akatugeuzia uso, akasema, "Mnajisumbua na vinyago vya nini? Mimi hata pua zenu sizioni. Ingieni."

Mbuzi wa kwanza akaanza, "Kwa ufupi, mama, sisi ni wasafiri, na safari yenyewe ilianza hivi…"

"Oddvar, vua kinyago," akasema. "Hakuna mtu mwingine anayesema 'kwa ufupi' kisha akaanzia mwanzo wa dunia."

Mbuzi wa pili alichukua biskuti mezani, akaipitisha chini ya kinyago, akatafuna, akanong'ona, "Siagi haitoshi."

"Karibu, Kirsten. Hata leo?"

Hawa walikuwa hawajawahi kuonana naye ana kwa ana. Lakini aliwajua wote kwa maneno yao, kwa sababu amewasoma miaka yote jinsi mtu anavyosoma barua za ndugu.

Mimi nilibaki wa mwisho, nimesimama karibu na jiko, sijafungua mdomo. Bi Eldbjørg akanisogelea akashika mkono wa koti langu.

"Huyu amevaa koti la mama yake, linanuka dizeli ya feri. Sunniva, mbona kimya? Una nini?"

Nikavua kinyago, nikasema, "Bi Eldbjørg, naomba niiendeleze blogu."

Bwana Oddvar, ambaye ni mpole lakini ni fundi wa mitambo ya meli na hupenda kukagua kila kitu, akasema, "Binti, Agosti unavuka kwenda kusoma bara. Utapanga chumba. Utakuwa na mitihani, marafiki, pengine na mchumba."

"Mwache, Oddvar," Bi Kirsten akadakia. "Wewe ulikuwa na meli nzima, na makala yako ilichelewa kila mwaka."

Watu wakacheka. Bi Eldbjørg hakucheka. Alisema, "Blogu si yangu peke yangu. Uliza Jumamosi, wote wakiwepo."

Leo ni Jumamosi.

Bwana Oddvar, ulisema kweli. Ni kweli nitavuka. Nimekwisha kukiona chumba nitakachopanga: dirisha moja, linatazama kiwanda cha samaki, na halina taa. Lakini ni nani anayehitaji taa dirishani kuliko mtu wa chumba kama hicho? Na ni wangapi wengine watakaokaa Disemba ijayo katika vyumba kama hicho, wakidhani hawana desturi?

Sitaki kukaa kwenye kiti chako, Bi Eldbjørg. Hakuna awezaye. Ninachoomba ni hiki: kila jioni ya Disemba nikupigie simu, nikusomee makala ya siku ile kabla haijatoka, nawe uulize yale maswali yako. "Mnakula nini? Kila mwaka?" Herufi zimekukimbia, ni sawa, lakini masikio yako juzi hayakumkosa hata mbuzi mmoja. Darasa la tisa wamekubali kunishika mkono mitihani ikinizidi, na mama amesema barua yoyote ya kisiwani itavuka na feri bila nauli.

Kama jibu ni hapana, nitalipokea kwa adabu, na tutafunga dirisha hili vizuri, wote tukiwa ndani. Bado tutajivuna kwamba tuliwahi kuwa watu wa blogu hii.

Nawashukuru Mheshimiwa Meya, walimu wangu, wageni wetu na wazazi kwa kuniazima masikio yenu. Nimefika mwisho wa karatasi yangu. Sasa navaa tena kinyago hiki cha majani, ingawa hapa hakimfichi mtu, nashuka jukwaani, na nakuja kusimama mbele ya kiti chako, Bi Eldbjørg. Mbuzi wa Krismasi haingii mpaka akaribishwe.

Nagonga.