Rundo la Machicha Kando ya Kijito

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya vipande viwili vya gurudumu la jiwe, lile la kusagia agave, lililopasuka enzi za babu yake Moshi na ambalo hakuna aliyepata nguvu za kulitupa. Linatazamana na ofisi ya kijiji cha San Crispín, milimani Oaxaca, na mgongoni pake kuna ukuta wa jiko la Doña Fidencia, mama kahawa. Jumapili hiyo kipaza sauti cha ofisi kilikuwa kimeshakohoa mara mbili: mkutano wa kijiji leo jioni, kila mwenye haki ya kusema afike. Zenaida aliposikia "mwenye haki ya kusema" aliimeza kahawa yake kama dawa ya minyoo. Shahada ya uhandisi anayo, barua za "tutakupigia simu" amejaza kabati, na hapa kwao hana sauti mkutanoni, kwa sababu sauti hupatikana kwa kutumikia kijiji, na miaka ya kufagia kanisa na kushika zamu za ulinzi yeye alikuwa mjini akikariri nguvu ya nondo. Alihitaji mzee mmoja tu wa kumsemea. Mmoja. Na waliokuwepo ndio hawa: Panzi, mwenyekiti mstaafu, anayeruka kutoka hoja hadi hoja, Moshi, mwenye mtambo wa mezkali, pombe kali ya agave, anayenuka moshi hata akitoka kuoga, na Losanjeles, aliyeosha vyombo ughaibuni akarudi na kofia na Kiingereza cha kuombea maji.

— Wajomba, alisema Zenaida, naomba kitu kimoja. Jioni mmoja wenu asimame aseme: lile rundo la machicha kando ya kijito, kijiji kinipe. Na Jumamosi watu waje na mabeleshi, kazi ya pamoja, tuyaanike uwanjani kabla ya mvua. Mvua ikiyakuta pale yatateremka yote kijitoni, kama mwaka jana, maji yakawa rangi ya kahawa hii.

— Kahawa yangu usiitukane, alisema Doña Fidencia.

Machicha yenyewe ni nyuzi. Agave, ndugu yake mkonge, ikishaokwa shimoni, ikasagwa na kutolewa pombe yake, kinachobaki ni nyuzi tupu, na Moshi huzimwaga kando ya kijito kama baba yake alivyozimwaga.

— Na ukishapewa? aliuliza Moshi.

— Matofali. Udongo na machicha, badala ya majani makavu. Tofali jepesi, halipasuki ovyo. Mjini wapo wajenzi wanayatafuta. Vijana wetu watapata kazi hapa hapa, badala ya kwenda kuosha vyombo vya watu.

— Ei, mai frendi, usinichokoze, alisema Losanjeles.

— Matofali yako tunayajua, Injinia, alisema Panzi. Yaliota uyoga.

Wakacheka wote. Ni kweli, yale ya kwanza yaliota. Zenaida, msomi mzima, alikuwa hajayakausha machicha vizuri, na asubuhi moja tofali zikaamka na masikio.

— Na huo uyoga mliula, mjomba. Wewe uliujaza kwenye tortilla, ukaomba nyingine.

— Niliula kwa huruma.

— Uliula kwa jibini, alisema Doña Fidencia. Uyoga wa magogo ya agave ule, bibi yangu aliuchuma. Mpaka leo wateja wananiuliza uko wapi.

— Basi ndiyo hesabu yangu ya sasa, alisema Zenaida. Tuoteshe uyoga kwanza, kwa makusudi. Yanayobaki ndiyo matofali. Hakuna cha kutupa.

Panzi alikunja miguu. Kwake hiyo ni dalili ya nadharia.

— Sikilizeni. Rundo lile lina joto lake, ukiingiza mkono unaungua. Sasa liweke ukutani. Ukuta utachacha. Mtu alale mzima, aamke kalewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa mlango, itajua pa kutokea.

— Kulewa si neno, alisema Moshi. Wasiwasi wangu ni mbuzi. Mbuzi wa shemeji yangu wanayapenda machicha kuliko chumvi. Unajenga leo, kesho unaamka unatazama nyota, mbuzi wamekula chumba. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Jiwe, jamani. Tofali hawakulitaja.

— Mbuzi utamfunga kamba, alisema Losanjeles. Ninyi mmesahau kwamba agave ni mmea wenye subira. Nyuzi zitakaa ukutani kimya, mwaka wa kwanza, wa pili, huku zinavuta maji chini kwa chini. Siku moja unasikia paa linalia. Ua hilo, refu kama nguzo ya umeme, linatokea juu ya nyumba. Na mnajua agave ikichanua.

— Inakufa, walisema Panzi na Moshi kwa pamoja, na Moshi akavua kofia.

— Nyumba inakufa na watu ndani yake. Kule Los Angeles nimeona.

— Kule Los Angeles uliona sinki, alisema Zenaida. Kitu kimeokwa shimoni mpaka kikawa kama sukari guru, kitaota vipi? Wewe mjomba tukikuoka hivyo, utachanua?

Aliitweka sauti kidogo, kisha akaishusha. Aliwahitaji hawa. Hilo ndilo lililomchoma kuliko uvivu wao: kwamba jambo zuri lazima lipite kwenye midomo hii ndipo lisikike.

— Ukuta mlioegemea, alisema polepole, niliujenga mimi. Machicha na udongo, basi. Masika nzima imeupiga.

Migongo mitatu ilitoka ukutani kwa wakati mmoja. Wakaugeukia, Panzi akaugonga kwa kifundo cha kidole, Losanjeles akaunusa. Kisha uti wa mgongo ukawakumbusha umri wao, na mmoja mmoja wakauegemea tena.

— Sikatai, binti, alisema Panzi. Lakini nisimame mimi, mwenyekiti wa zamani, niombee takataka? Watasema Panzi kazeeka. Kayachukue tu kimyakimya. Takataka haina mwenyewe.

— Na mabeleshi je? Na uwanja? Nitaanika rundo lile kwenye kanga?

Hapo lori likasimama mbele ya ofisi. Dereva akateremka, akavua kofia, akawasalimia mmoja mmoja kama anavyofanya mtu aliyelelewa, akaomba kahawa.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Panzi akimpisha, na hiyo ndiyo methali ya kwanza aliyoipatia siku hiyo.

— Asanteni, wazee. Bosi wangu ana mabanda ya uyoga kule bondeni. Ameona machicha yenu kando ya kijito, kanituma niyapakie. Atalipa. Ila kasema nisimlipe asiye mwenyewe, asije akaletewa kesi. Ni ya nani?

Mwiko wa Doña Fidencia ulisimama ndani ya chungu.

— Yametoka mtamboni kwangu, alisema Moshi.

— Agave ilitoka shambani kwangu, alisema Panzi. Uliponunua, ulinunua utamu. Nyuzi hatukuzitaja.

— Yamelala kwenye ardhi ya kijiji, alisema Losanjeles. Na mimi ni kijiji.

— Sasa hivi tu yalikuwa takataka, alisema Zenaida.

— Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, alisema Panzi bila kumtazama.

Doña Fidencia alifuta mikono.

— Vizuri. Mwenye machicha ndiye mwenye uchafu ulioingia kijitoni. Mwaka jana nilifulia maji yale, na ndama wa dada yangu aliyanywa akafa. Moshi, umesema yako?

Moshi aliitazama kofia yake kama iliyoandikwa jibu. Panzi akakumbuka kwamba agave ile huenda haikuwa yake, labda ya kaka yake. Losanjeles akaacha kuwa kijiji.

— Kwa hiyo ni ya nani? aliuliza tena dereva, bila ubaya.

Zenaida alikuwa ameandaa hoja za kutosha kuwazika wote, na akaona hazihitaji hata moja.

— Mjomba Panzi, wewe umekuwa mwenyekiti. Kitu kisichojulikana mwenyewe, kikilala kwenye ardhi ya kijiji, kinaamuliwa wapi?

Kipaza sauti kikakohoa mara ya tatu.

— Mkutanoni, alisema Panzi, kama mtu anayetema kokwa.

— Na nani anakipeleka?

Panzi akautazama ukuta, akalitazama lori, akatazama kule kijito kiliko. Mwishowe akasimama, magoti yakilalamika.

— Nitakipeleka. Lakini mambo ya tofali siyajui. Utakaa nyuma yangu uninong'oneze.

— Nitakunong'oneza mpaka sikio liote uyoga.

Dereva alinyoosha kikombe aongezewe. Doña Fidencia akainamisha chungu. Hakikutoka kitu ila machicha ya kahawa. Akainua mkono ayamwage mtaroni kama siku zote. Akasita, akayakung'utia kwenye sahani, akaiweka juani.

— Sasa mimi? aliuliza dereva.

— Subiri mkutano wa jioni, kaka, alisema Zenaida, tayari akivuka barabara. Kijiji kinaweza kukuuzia wewe, kinaweza kunipa mimi. Ila neno takataka ndilo hakitalisema tena. Egemea ukuta huo. Haumleweshi mtu.