Miaka Ishirini na Miwili ya Kututia Wivu: Mayu Specioza Anastaafu

Na Januarius Masele, Ofisa Habari

Tarehe 30 Juni 2026 Bi. Specioza Masunga, Mkufunzi Mkuu wa Kituo cha Vijana Tupaze hapa Bariadi, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Aliingia kazini mwaka 2004, Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya Shinyanga, na anaondoka akiwa amefundisha vijana wa wilaya zote za Simiyu kutumia simu zao kwa mambo ya maana: vyoo vya wasichana shuleni, visima, ndoa za utotoni zikome. Vijana wote wanamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mwandishi wa wasifu huu, aliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi tangu mwaka 2013, wanamwita Ofisa.

Mkurugenzi ameagiza wasifu uandikwe kwa nafsi ya tatu na uwe wa furaha. Nafsi ya tatu si shida. Furaha ndiyo mwandishi bado anaitafuta, maana kiti cha Mkufunzi Mkuu amekimezea mate kwa muda mrefu. Walioomba kukirithi ni wawili: yeye mwenyewe, na Ng'washi, binti wa kata ya Sola kule Maswa, ambaye Mayu alimpokea akiwa hajui hata kushika kamera vizuri. Uongozi ukasema utafuata pendekezo la Mayu. Pendekezo limeshatoka. Tutalifikia, tusiharakishe uchungu.

Bi. Specioza alizaliwa Bukundi, wilaya ya Meatu, kwa wafugaji. Alisomea maendeleo ya jamii, akaajiriwa hapa kituoni, akakabidhiwa pikapu yenye spika mbili juu ya kibanda. Kazi yake ilikuwa kuzunguka minadani kutangaza siku za kliniki. Inasemekana spika hizo ziliharibika mapema na hakuna aliyegundua. Kanisani anaimba sauti ya pili, na wanaoimba sauti ya kwanza wamezoea kusubiri zamu yao.

Mwandishi alikuja na stashahada ya habari na kompyuta yake mwenyewe. Ukurasa wa Facebook wa kituo aliufungua yeye kwa mikono yake, na hilo liandikwe hapa kwa sababu watu husahau. Mafunzo ya kwanza ya mitandao aliyaendesha yeye pia, kwa slaidi nzuri zenye rangi, kuhusu namna mitandao inavyochagua cha kumwonyesha nani. Joakim, kijana wa kata ya Mkula, alilala waziwazi, mdomo wazi. Siku ya pili Mayu, aliyekuwa amekaa nyuma akisuka kikapu, alimwomba mwandishi apumzike kidogo, kisha akawatoa vijana nje. Tangu siku ile mwandishi anapumzika.

Alichofanya nje kila Msukuma angeweza kukiwaza, na ndiyo sababu kinauma. Sisi tuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyocheza kwa kutazamana katika uwanja mmoja. Mshindi hatangazwi na mtu. Mshindi ni yule ambaye watazamaji wamemkimbilia, na mwenzake akabaki anapiga ngoma mbele ya vumbi. Mayu aliwagawa vijana pande mbili hivyo hivyo, akawaambia kwamba simu ni uwanja wa ngoma, na kwamba watu hawaji upande wako kwa sababu una haki, wanakuja kwa sababu kwako kunachezwa vizuri zaidi. Joakim akaamka. Wasichana wakaanza kubishana nani Bagika nani Bagalu, hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Kisha akawapeleka mnadani. Kila kijana alitakiwa amsimamishe mtu mwenye ng'ombe mkononi na kumweleza jambo lake mpaka mtu huyo asahau kuvuta kamba. Aliyeshindwa haruhusiwi kuposti. Sharti hilo lipo hadi leo, na wafugaji wa mnadani sasa wanatujua, wengine wanakwepa, wengine wanasimama wenyewe na kuuliza safari hii tumekuja na lipi. Ng'washi, siku yake ya kwanza, alisimamisha watu kumi hivi na madume yao, njia ikaziba. Mayu alirudi ofisini akaisimulia habari hiyo mara tatu, na kila mara alikuwa anamwangalia mwandishi.

Mtu asidhani Mayu ni fundi wa simu. Haki ya Mungu, hapana! Picha zake nusu ni kidole chake. Ujumbe wa sauti anaotuma unaweza kuchemsha maharage ukiwa bado unausikiliza. Na wapo wanaokumbuka siku alipoingia laivu bila kujua, kwenye ukurasa ambao mwandishi aliufungua, akiwa sokoni anabishania bei ya michembe. Alimwambia muuzaji kwamba viazi vile vilikaushwa enzi za babu yake, muuzaji akamjibu kwamba hata yeye mnunuzi ni wa enzi hizo hizo, na wote wawili wakacheka hadi wakaegemeana. Simiyu nzima ilitazama. Wiki hiyo hiyo mwandishi alikuwa ametoa video ya ndoa za utotoni, imepigwa kwa droni, ina muziki, ina maandishi chini. Waliotazama ni wafanyakazi wenzake na mama yake mzazi, na mama yake aliuliza kwa nini Mayu hayumo.

Kuna kipindi mwandishi alidhani mama huyu ana dawa. Wachezaji ngoma wa zamani walikuwa nayo, dawa ya kuvuta watu uwanjani, na bado wapo wanaoiamini. Alichungulia hata kile kikapu. Kilikuwa na uzi, rozari na chaja.

Mafanikio yake makubwa yalianzia Sola. Vijana wa huko, Ng'washi akiwa mbele, walitaka shule moja ya kata yao ipate vyoo vya wasichana vyenye maji na mlango unaofungwa. Wakaposti kila hatua: akina baba wakifyatua matofali, bibi mmoja akiwasimanga vijana waliokaa kivulini, mwalimu akijaribu mlango mara nyingi kama mtoto. Vyoo vikasimama. Mtu mwingine angewapongeza Sola akaenda kulala. Mayu aliichukua video ile akaituma kwenye kundi la WhatsApp la Mkula, na chini yake akaandika maneno matatu: Mkula, mmeona wenzenu?

Basi! Joakim anasema hakula siku ile. Mkula wakajenga vyao, na wakaongeza sehemu ya kunawia ili Sola wakome. Mayu akaituma video ya Mkula kwa vijana wa Bukundi, kwao mwenyewe, akiwauliza kama wao wanafuga ng'ombe tu au na aibu pia. Hivyo ndivyo vyoo vilivyozunguka mkoa. Katika taarifa kwa wafadhili mwandishi aliita mbinu hiyo uhamasishaji rika baina ya kata. Mayu alipoisoma alicheka, akasema jina lake ni wivu, na kwamba wivu ukifungwa jembe unalima.

Jambo moja alilikataa kabisa. Mwandishi aliwahi kupiga picha ya msichana akilia mlangoni kwao, siku ambayo posa yake ilikuwa imepokelewa. Mwanga ulikuwa mzuri mno. Mayu aliitazama, akauliza kama binti yule angekuwa mdogo wake mwandishi picha ingetoka. Halafu akasema picha ya namna ile huleta sadaka, haileti watu, na mtoto akikua ataikuta pale pale. Akapanda gari akaenda kwa wazazi wa binti pamoja na vijana wawili wa kijiji chao, na posa ikarudishwa. Mwandishi bado anaamini ilikuwa picha nzuri. Haijaonekana popote.

Sasa tumefika kwenye uchungu wetu. Mwezi uliopita Mayu alituita, Ng'washi na mwandishi, akatumiminia chai, akasema aliyoyasema. Ng'washi atakaa kwenye kiti cha Bariadi. Mwandishi atakwenda Meatu kufungua ofisi mpya, yenye meza moja na vijana wa Bukundi na vijiji vya jirani.

Mwandishi aliweka kikombe chini. Roho ilimuuma hadi masikio yakapata moto. Akauliza kwa nini. Mayu hakutafuta maneno ya kumfariji. Alisema Ng'washi anafanya kazi hata kama hakuna anayemwangalia, ila Januarius hafanyi mpaka awepo mtu wa kumshinda mbele yake, kwa hiyo ameamua kumwekea mtu huyo mbele yake, waziwazi, kwa kudumu. Ng'washi alijifanya anapuliza chai. Aliona aibu kwa niaba ya watu wote.

Ni tusi, na ni kweli. Mwandishi alirudi mezani kwake akaanza kukumbuka. Kuweka maandishi kwenye video alijifunza baada ya Mayu kusifu maandishi ya Joakim. Kuongea Kisukuma mbele ya kamera, badala ya Kiswahili chake cha chuoni, alianza baada ya Mayu kusifu Kisukuma cha Ng'washi. Kusimama mnadani hadi mtu aache kamba aliweza mwaka ambao Mayu alitangaza kwenye kikao kwamba hata dereva wetu ameweza. Miaka kumi na mitatu alijihesabu kuwa mwalimu mwenzake. Kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa siku nyingi kuliko wote, na mbinu ilikuwa ile ile aliyowafanyia Mkula.

Mtego ameuona wote, kamba yake na kigingi chake. Lakini kabla hata ya kufungasha mizigo, mwandishi ameshaongea na vijana wa Bukundi kuhusu kisima chao, na wameshasimamisha ng'ombe mnadani, na video ya kwanza iko tayari. Ni nzuri kuliko yoyote ya Sola. Ng'washi ameiona. Amekaa kimya siku mbili, na mwandishi amekula vizuri siku zote mbili.

Kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi na vijana wa mkoa mzima: wabeja sana, Mayu, asante. Asante kwa sauti yako, kwa kikapu chako, kwa watoto ambao nyuso zao hukuziuza. Tunakutakia maisha mema nyumbani Bukundi, yenye maziwa ya kutosha na mtandao unaokamata hata mvua ikinyesha.

Na hapa nafsi ya tatu imenishinda, Mkurugenzi anisamehe. Kuanzia Julai, Mayu, wewe ndiye mtazamaji. Utakaa mlangoni kwako na simu mkononi, Ng'washi atakuwa anacheza upande wa Bariadi, nami upande wa Meatu, tunatazamana, kama ulivyotaka. Najua unampenda. Najua pia kwamba siku ya kwanza utajifanya unasuka kikapu, hujui wa kumfuata. Usinifanyie hivyo. Nyanyuka, ukimbilie kwangu.