Mstari Nyuma ya Kiumbe

Mheshimiwa Waziri, Mkurugenzi wa makumbusho yetu, walimu wangu, mke na watoto wa Fundi, ndugu wageni waalikwa, hamjambo?

Tumekuja kumuaga Fundi wetu, aliyesafisha mawe ya kale katika karakana ya nyuma kwa miaka thelathini na mmoja, na kuzindua jiwe lile pale lililofunikwa kitambaa. Juu yake pana alama ya kiumbe laini, bapa kama jani, kisicho na mdomo wala macho, kilicholala chini ya bahari zaidi ya miaka milioni mia tano na hamsini iliyopita, kabla wanyama wenye magamba hawajajaa majini. Viumbe vya namna nyingi vilikuwa vimeshaanza kutokea, na swali linalotunyima raha sisi wa kazi hii ni hili: ni vipi kati ya viumbe hivyo vilivyokuwa wanyama, na nani alikuwa wa kwanza kusogea?

Mimi nilijibu. Nyuma ya alama ile pana mstari, urefu wa kidole, nami niliandika kwamba ni njia ya kutambaa. Ukuu wa idara nilionao nimeupata kwa mstari huo.

Mnamjua Fundi. Akisema "tutaona", ujue amekataa, ila adabu imemzuia. Siku ile, miaka tisa iliyopita, hakusema tutaona. Aliilaza taa ubavuni mwa jiwe ili vivuli vitoke, akaniambia, "Mwanangu, mstari huu ni wangu. Brashi ya waya iliniteleza." Nilimkata kauli mbele ya wanafunzi. Nilimwambia kazi yake ni kuosha mawe, kuyasoma aniachie mimi. Hakurudia tena.

Jumatatu alinikabidhi funguo pamoja na daftari lake la kazi. Nani kati yetu huandika kosa lake siku hiyohiyo, tena kwa wino? Yeye aliandika: brashi imeteleza, mstari mmoja. Nimeukagua kwa hadubini, na kutu ya waya imo ndani mpaka leo.

Mheshimiwa, kibao unachosubiri kukizindua kinasema "Mnyama wa Kwanza Kutambaa", na hilo hakuna anayelijua. Ningeweza kunyamaza, ukavuta kitambaa, tukapiga picha. Lakini wangapi wangeendelea kufundishwa alama ya brashi? Asubuhi, kabla sijafika hapa, nimetuma barua kwa jarida lililochapisha andiko langu, lifutwe, maana najijua, ningeona nyuso zenu ningeufyata. Sijui kesho nitakuwa na kazi gani, na ninaogopa.

Kiumbe chenyewe ni cha kweli. Kama kilisogea, hatujui.

Naishukuru familia kwa kutuazima mzee wao. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza muda wote huu. Fundi, baba yangu, mimi sikukusikiliza hata dakika moja. Nisamehe.