Wakili wa Bure Aliyeniomba Mungu Aje Mwishoni

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na asifiwe hata na sisi tunaoingia kanisani nyimbo zikiwa zimekwisha. Wengi mnanijua. Mimi ni yule mwalimu wa Kifaransa kutoka Butembo, Kongo, mume wa Masika anayeuza vitenge hapa Makindye. Wengine mnanijua kama mtu ambaye akipewa nafasi ya kusoma matangazo huyageuza kuwa mhadhara. Mchungaji ameniomba niwe mfupi. Nimemwomba msamaha kabla ya kuanza.

Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyotuokoa tusifukuzwe katika nchi hii, mimi, mke wangu na watoto wetu. Pia nashuhudia habari za wakili mmoja, mwanamke Mwislamu, ambaye hakunitoza chochote na ambaye siku ya kwanza tu aliniomba jambo ambalo baadhi yenu mngelikemea. Nivumilieni, tutafika.

Kule Butembo nilifundisha chuoni, na Jumapili nilisoma makala zangu kwenye redio ndogo ya mtaa. Nilipenda maneno mazuri, na maneno mazuri yalinipenda kupita kiasi. Makala moja ilihusu watu wenye bunduki waliokuwa wameweka kizuizi barabarani, wakiwanyang'anya wakulima vitunguu walivyokuwa wakileta sokoni. Watu wale hawakufurahishwa na mtindo wangu wa uandishi. Walinikamata wakanifungia ndani ya kontena, na kwa neema ya Mungu nilitoka nikiwa hai. Tulivuka mpaka pale Kasindi tukiwa na nguo za mwilini, tukapanda basi mpaka Kampala.

Ndugu zangu, hapo ndipo ushuhuda wangu ulipozaliwa. Nilitoa ushuhuda ule Katwe, nikautoa hapa Makindye, nikautoa kwenye maombi ya wafanyabiashara karibu na Port Bell. Mnaujua. Wengine mlilia. Nilikuwa shimoni, Bwana akamtuma malaika wake, mlango ukafunguka wenyewe, nikapita katikati ya adui wasinione. Sisi tuliolelewa katika makanisa ya kwetu tunajua namna ya kushuhudia ingawa hakuna aliyetufundisha darasani. Hutaji mtu, usije ukampa utukufu wa Mungu. Hutaji barabara wala jengo, maana vitu hivyo vinachelewesha haleluya. Kila nilipousimulia ushuhuda ule niliupiga pasi tena, mpaka haukubaki na mkunjo hata mmoja. Mwishowe hata mimi nilikuwa nakumbuka ushuhuda tu, sikumbuki tena siku yenyewe.

Basi, siku ya kuhojiwa kuhusu ombi langu la hifadhi, niliketi mbele ya ofisa mmoja mpole. Akaniuliza nilitokaje. Nami, ndugu zangu, nikashuhudia. Nilimpa wote, pamoja na ile sehemu ya kuinua mikono.

"Nani alifungua mlango?" akauliza.

"Bwana."

"Ninauliza mtu aliyekuwa pale."

"Malaika wake, ofisa."

Akaniuliza hilo shimo lilikuwa wapi. Nikamjibu kwamba lilikuwa mahali pa giza. Aliandika, na nikadhani anaandika kwa sababu ameguswa.

Jibu la kamati ya wakimbizi lilipokuja lilikuwa kukataliwa. Lilisema maelezo yangu ni ya jumla mno, hayana undani, hayawezi kuaminika. Nilipewa muda mfupi wa kukata rufaa, na rufaa ikishindikana tuondoke. Yule ofisa hakunionea. Nikiyasoma leo yale niliyomwambia, hata mimi simwamini yule mtu. Lakini kule nyumbani wale wa kizuizini walikuwa bado wanaulizia habari zangu kwa binamu yangu. Masika alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Baba Amani, tukirudi, weye hutafika hata kwa mlango." Amani alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Tulimwacha aendelee kusoma, tukijifanya kwamba mtihani utamkuta hapa.

Nikaanza kutafuta msaada. Kwanza nilikwenda kwa bwana mmoja mjini, mwenye suti na kiti kinachozunguka, akaniambia ana mtu wake ndani. Bei yake sitaitaja, kuna watoto humu. Kisha kwenye korido ya hoteli moja nikakutana na mtu anayeuza hadithi zilizo tayari. Alinipa ya mtu wa Ituri. "Hii ilishapita," akasema, "unabadilisha majina tu." Niliikataa, na ningependa kusema niliikataa kwa uadilifu peke yake, ila ukweli ni kwamba pia ilikuwa imeandikwa vibaya. Mwisho nikaamua nitajitetea mwenyewe. Nikaandika insha ndefu juu ya historia ya ukanda wetu wote, tangu wakoloni. Katika insha ile mimi mwenyewe nilijitokeza karibu na ukurasa wa mwisho.

Masika ndiye aliyepata njia. Mteja wake mmoja, mke wa polisi, alimwambia kuna mawakili wanaosaidia wakimbizi bure, na kila Jumanne wanakaa kwenye ukumbi ule nyuma ya soko.

"Bure?" nikamwuliza. "Wakili wa bure ni wakili gani?"

"Na mwandishi wa bure ni mwandishi gani?" akajibu, huku anakunja vitenge vyake. "Vaa viatu, twende."

Tukaenda. Ukumbi ulijaa watu: Wakongo, Wasomali, Waeritrea, watu wa Sudan Kusini, kila mmoja ameshika bahasha yake kifuani kama mtoto mchanga. Ukutani palikuwa pameandikwa kwa lugha nyingi kwamba huduma hailipiwi, na yeyote atakayeombwa pesa aje aseme. Tulipofikiwa, nikaitwa peke yangu. Masika akabaki kwenye benchi, maana yeye angesikilizwa siku yake.

Wakili aliyenipokea nitamwita Wakili Zainabu. Ni mama wa makamo, mtandio kichwani, miwani imefungwa uzi. Baba yake alikuwa askari kutoka Arua, naye alikulia katika kambi za jeshi, mojawapo hii ya hapa hapa Makindye, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kambi, ambacho hata kikikubembeleza unasimama wima. Nilimpa insha yangu. Akasoma ukurasa wa kwanza mpaka mwisho, bila haraka.

"Mwalimu, hii maneno nzuri sana. Wewe nasoma sana?"

"Kidogo tu," nikasema, nikainamisha macho kwa unyenyekevu wa kujifanya.

"Sawa. Weka chini ya kiti. Sasa ambia mimi wewe natoka namna gani."

Nikashuhudia. Alinisikiliza hadi mwisho na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema "Amina," tena akaisema kwa moyo. Halafu akavua miwani.

"Mwalimu, mimi naomba kitu moja. Mungu tunaweka mwisho. Kwanza ambia mimi watu."

Ndugu zangu, nilishtuka. Nikamwambia siwezi kumtoa Mungu katika habari hii.

"Nani nasema toa? Mimi pia naswali. Lakini kamati hawezi kuita Mungu kuja kuwa shahidi. Yeye takuja mwisho, na sisi tasimama na heshima. Sasa, huyu malaika. Alivaa nini?"

Nikafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Mimi, ambaye hukosa maneno usingizini tu, na Masika hana hakika hata na hilo.

"Kitenge," nikasema baadaye.

"Rangi gani?"

"Kijani. Kilichakaa. Kilikuwa na harufu ya moshi."

"Malaika nanuka moshi?"

"Alikuwa anapika."

"Napika nini?"

"Maharage."

"Eh." Akachukua kalamu. "Basi huyu malaika wa maharage napikia nani?"

Na hapo, ndugu zangu, siku yenyewe ikarudi. Kontena lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye barabara ya kutoka mashambani. Ndani walikuwa wamerundika vile vitunguu walivyonyang'anya, na mimi nililala juu ya magunia, macho yakiniwasha. Malaika wangu alikuwa mama mmoja aliyewapikia wale watu kwa kulazimishwa. Vitunguu vingine mle ndani vilikuwa vyake. Alikuwa amenisikia kwenye redio; aliniambia hivyo, pamoja na jina lake, aliponiletea chakula. Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha, walinzi wakakimbilia chini ya paa la kituo. Yule mama akapita, nikasikia chuma kinavutwa, naye akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejisemea, "Mimi nakwenda kuchota maji. Nitakawia." Kuchota maji, mvua ikinyesha vile. Nilisukuma mlango, ukafunguka, nikaondoka kupitia shamba lake la mihogo.

Mlango haukufunguka wenyewe. Mtu aliufungua, mtu mwenye watoto, aliyejua vizuri watakachomfanya wakigundua. Nililia pale mbele ya wakili kama sijawahi kulia madhabahuni. Hakunipa pole nyingi. Alisogeza karatasi zake zisilowe.

"Lia, mwalimu. Ukimaliza, jina yake."

Nikaogopa. Nikamwambia yule mama huenda bado yuko kule.

"Jina nakaa kwa faili, na faili nafungwa. Hapana kwenda redio."

Nimefundisha chuoni, nimesikiliza maprofesa wakitetea tasnifu, lakini sijaona kazi ya uangalifu kama ile. Nilirudi kwake Jumanne nyingi. Hakuwahi kuandika neno ambalo sikulisema. Kila alichoandika alinisomea tena kwa Kiswahili kabla ya kuniruhusu nitie sahihi. Nilipokosa tarehe, hakunipa tarehe ya kubahatisha. Aliniuliza kama ilikuwa kabla ya mitihani ya wanafunzi wangu au baada, kama vitunguu vilikuwa vimeanza kuvunwa, na tukaipata polepole. Nisipojua kabisa, aliniambia niseme sijui, na akaandika kwamba sijui. Na nilipoanza kurembesha, maana ugonjwa ule hauponi kwa siku moja, aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi na kunitazama.

"Hiyo wewe naona, ama wewe napenda?"

Mara nyingi nilikuwa nimeipenda tu. Tukaifuta.

Siku moja nilimkuta anakula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, amesimama, kwa sababu siku ile alikuwa aende Luzira, gerezani, kuwaona wageni waliokamatwa bila karatasi. Nikamwuliza kwa nini anafanya kazi hii. Akasema mshahara wake unatoka kwa shirika, nisimhurumie. Kisha akaongeza, "Baba yangu ilikuwa askari, mwalimu. Sisi nahama, nahama. Mimi najua kufika mahali hakuna mtu najua jina yako."

Rufaa ikaingia kwa wakati. Bodi ya rufaa haikunipa hifadhi papo hapo. Iliirudisha kesi kwa kamati ili nisikilizwe upya. Safari hii Wakili Zainabu aliketi kando yangu, na ofisa alikuwa mwingine. Akauliza nani alifungua mlango. Nikamtaja yule mama kwa jina lake. Nikamweleza kitenge, maharage, mvua, mihogo. Aliponiuliza jambo nisilolijua, nikasema sijui, na dunia haikuanguka. Mwishoni akauliza kama nina la kuongeza. Nikamtazama wakili. Akainamisha kichwa kidogo tu.

"Ndiyo," nikasema. "Naamini ni Mungu aliyemtia yule mama moyo."

"Hiyo nayo niandike?" ofisa akauliza.

"Andika, ssebo," akasema Wakili Zainabu, akimwita bwana kwa Kiganda. "Hiyo ndiyo mwisho yake."

Tulipewa hifadhi. Masika alikuwa sokoni nilipompelekea habari. Aliisoma ile karatasi, akaketi juu ya mzigo wake wa vitenge, akamngoja mteja aondoke. Kisha akasema, "Basi Amani atafanya mtihani wake." Sijasikia sifa iliyo fupi na kamili kama hiyo, na mimi nimetoa ndefu.

Ndugu zangu, najua wamo humu wenye karatasi ya kukataliwa, wameikunja mfukoni, wanaona aibu kuitoa. Usikae nayo, maana muda wa rufaa haukungoji. Usinunue hadithi ya mtu, yako inatosha. Atakayekuambia ana mtu ndani, ondoka. Mawakili wa bure wapo katika mji huu, wanakaa kwenye mabenchi magumu na wanakusikiliza mpaka mwisho, na kukaa kwao pale ni neema ya Mungu sawa na muujiza wowote niliowahi kuwahubiria. Mwamini Mungu, kisha njoo Jumanne. Kama unaogopa, uje kwetu kwanza. Masika atakupa chai, nami nitakusindikiza na kuketi nawe hadi uitwe. Nimeahidi kunyamaza njia nzima.

Nilimwuliza Wakili Zainabu nimshukuruje. Alisema nimletee mwingine. Basi nimekuja kutafuta mwingine.

Sasa kabla sijaketi, naomba tusimame. Kuna mama mmoja kule kwetu, kando ya barabara, ambaye huenda hata leo anawapikia watu wale. Jina lake sitalitaja hapa. Tumwombee tu hivyo, kama mama wa maharage, yeye na watoto wake. Mungu anajua ni nani.