Mama Ngazi na Ukuta wa Sebuleni

Sogeeni, wanangu, wote wawili. Wewe kitindamimba, acha kuchungulia dirishani. Niinueni. Hapana, nirudisheni, mto huu unanichoma. Wala msiniambie nipumzike. Nitapumzika mpaka nichoke huko niendako.

Nyumba hii mnayoigombania kwa minong'ono nje ya mlango, mkidhani masikio yangu yametangulia kufa, ni jasho la bibi yenu, mama yangu mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ngazi. Baba alikuwa fundi rangi. Alipoanguka kazini akafa, mama alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akajifunga kibwebwe, akabeba brashi na ngazi ya marehemu, akaenda kuumalizia ukuta ule ule aliokuwa akiupaka baba. Watu wakacheka, "Mwanamke juu ya ngazi!" Akawajibu huko huko juu, "Shikeni ngazi basi, mcheke mkifanya kazi." Kwa mikono ile iliyochubuliwa na chokaa tulikula, tukasoma, tukapata paa.

Uzeeni mwake kaka zangu wakakosana, hata wao walisahau chanzo, wakamleta mwashi akapandisha ukuta katikati ya sebule. Mama akatoka jikoni akichechemea, simenti ingali mbichi, akaweka viganja, akasukuma. Tofali likaanguka, na jingine. Kaka mkubwa akapiga kelele, "Mama, utaumia!"

"Nimeshaumia," akasema. "Nyinyi ndio mmechelewa kujua."

Wakabaki wakitazamana kwenye tundu, huyu huku, yule kule, mpaka mdogo akaanza kutoa matofali ya upande wake. Radhi hawakuombana. Lakini mama alipokata roho, kila mmoja alikuwa amemshika mkono.

Mnasema damu nzito kuliko maji. Nzito ndiyo, ila humwagika vilevile.

Basi shikeni neno langu. Nyumba isiuzwe, wala isikatwe vipande. Binti yangu, funguo ni zako. Mdogo wako atangulie kuchagua chumba. Atakayefukuzwa na dunia, hata kwa makosa yake mwenyewe, apokelewe hapa kabla hajaulizwa.

Maji... kidogo. Inatosha.

Mnanishika mimi wa nini? Mimi napita. Shikaneni nyinyi kwa nyinyi, niwaone... Mungu awape... awape uzee wa pamoja, wanangu, mgombane... mpatane... Eeh. Hivyo hivyo. Msiachiane.