Mama Viti na Fomu ya Majina

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi alasiri, afisa wetu wa siasa atarudisha kitambulisho chake kwa mlinzi wa getini na kutoka akiwa mstaafu. Atakuwa ameutumikia ubalozi huu miaka ishirini na tisa na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi na mabalozi wanane na wakuu wa idara kumi na mmoja. Kila mmoja wao alifika na masanduku yake, akajifunza, na alipoanza kuelewa akahamishwa. Yeye alibaki. Mwenyewe husema kwamba mabosi ni maji ya mto na wenyeji ni mawe, ila watu wasisahau kwamba mawe nayo husuguliwa.

Wasomaji wapya wa jarida hili, hasa wenzetu wa karakana na wa bustani, huuliza afisa wa siasa aliye mwenyeji hufanya kazi gani hasa. Swali ni la haki, basi tulieleze. Mwanadiplomasia hukaa hapa miaka mitatu. Hajui nani ni mkwe wa nani, wala kwa nini wabunge wawili wa chama kimoja hawasalimiani. Lazima awepo mtu wa hapa, aliyeajiriwa hapa, wa kumweleza. Mtu huyo husoma magazeti yote kabla ya saa mbili asubuhi, hukaa bungeni kwenye roshani ya wageni, huzungumza na makarani, viongozi wa masoko, wakuu wa dini na walimu, kisha hukaa mezani na kuandika kurasa mbili. Si mpelelezi. Mpelelezi hutafuta yaliyofichwa, na huyu hueleza yaliyo wazi ambayo mgeni hayaoni. Ripoti ikiisha, jina linaloandikwa chini ni la bosi.

Nyumbani kwake nako kazi hii haikueleweka. Mama yake mzazi mpaka leo anaamini kwamba binti yake ndiye anayegonga mihuri ya viza. Hakuna harusi aliyohudhuria bila shemeji au binamu kumvuta pembeni na kumnong'oneza, "Dada, fomu yangu umeiona?" Jibu lake halijabadilika tangu mwanzo: "Shemeji, mimi hata muhuri wa posta sina." Wao hucheka, humwongezea nyama kwenye sahani, na kurudi vitini wakiamini kwamba ameshaelewa.

Aliingia hapa kama karani wa kupiga taipu, akapewa pia mkasi na gundi kwa ajili ya kukata habari za magazetini. Mwaka wake wa pili bosi mmoja aliandika kwamba waziri fulani amekubali ombi la ubalozi. Ushahidi wake ulikuwa kwamba waziri alisema, "Nimekusikia." Karani wetu aliipiga taipu ripoti yote bila kosa, kisha akabandika juu yake kikaratasi: "Amesikia tu. Hajakubali." Bosi alimwita, akaelezwa kwa nusu saa umbali uliopo kati ya kusikia na kukubali, na kwamba katikati yake kuna "nitaliangalia", "tutaona" na "tuko pamoja". Wiki iliyofuata waziri alikataa. Karani akahamishwa kutoka kwenye mkasi akapewa kalamu, na meza yake mwenyewe karibu na dirisha la kaskazini.

Jina la Mama Viti lilikuja baadaye. Wageni hudhani linahusu viti vya bungeni. Sivyo, ni viti vya plastiki. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi na magazeti yalikuwa yakipingana: moja likisema uwanja ulifurika, jingine likisema walihudhuria mbwa wawili na mpiga picha. Yeye alikwenda kwa mtu ambaye hakuna afisa aliyewahi kufikiria kumwuliza, mkodishaji wa viti aliyehudumia vyama vyote bila ubaguzi. Asubuhi baada ya kila mkutano walisimama pamoja mbele ya bohari lake wakitazama viti vikishushwa kwenye lori. Kiti kilichorudi na vumbi lake hakikukaliwa. Kilichofutwa vumbi na suruali, mtu alikaa akasikiliza. Chenye alama za viatu, mtu alipanda juu yake kushangilia. Kilichovunjika mguu, hapo watu walicheza. Kuhusu chama kilichosifiwa kila mahali kuwa ndicho kinachoongoza, mkodishaji alisema, "Mama, hivi vya leo ningevirudisha dukani wakanipokelea kama vipya." Ripoti ya viti ilichekwa makao makuu kwa muda wa wiki tatu. Kisha matokeo yakatangazwa, na kicheko kikahamia upande wetu.

Hatuwezi kusahau pia siku balozi mmoja alipoamua kuhutubia kwa Kiswahili. Alitaka kusema amekuja kuwatumikia wananchi. Silabi moja ikamponyoka, akatangaza kwa sauti ya kujiamini, "Nimekuja kuwatumia!" Mzee mmoja wa safu ya mbele akainua fimbo yake: "Huyu angalau amesema ukweli! Wenzake hutuambia watatutumikia, kisha wakatutumia." Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Balozi, asiyejua kilichotokea, alicheka nao. Mama Viti alimwendea baadaye akamweleza taratibu kazi ya hiyo "ki", na balozi yule akawa anaitamka kwa nguvu za ziada mpaka siku aliyoondoka.

Ila wasifu wa sifa tupu haumfai mtu huyu, kwa kuwa yeye mwenyewe huwasimulia waajiriwa wapya kosa lake kabla ya mafanikio yake. Katika mwaka wake wa nne wa kazi karani mmoja wa kamati ya bunge alimdokeza kwamba muswada uliokuwa ukingojewa hautasomwa. Aliandika habari hiyo, na kwa kutaka ripoti iaminike, akaandika na jina la karani. Ripoti ilisafiri, ikasomwa na wengi, ikarudi hadi bungeni kwa mlango mwingine. Kabla ya mwezi kuisha, karani alikuwa amehamishiwa ghala la makaratasi ya zamani, chumba kisicho na dirisha wala simu. Mama Viti alikwenda kumwomba radhi. Karani hakumfukuza. Alimwambia, "Mwanangu, mimi niliongea na wewe. Sikuongea na ofisi yako." Kisha akammiminia chai, na Mama Viti anasema ile chai ndiyo iliyomwuma zaidi.

Tangu hapo hakuandika tena jina la mtu. Daftari lake lilijaa watu kama Shati la Mistari, Bibi Kikohozi na Mjomba wa Ghorofa ya Tatu. Mkuu mmoja wa idara alifika mahali pa kumwuliza kwa dhati imekuwaje mjomba wake ajue sana mambo ya bajeti.

Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita, fomu ya makabidhiano ilipotua mezani kwake, tuliokaa naye karibu tulijua kuna jambo. Ukurasa wa kwanza uliuliza habari za meza, kiti, kompyuta na ufunguo wa kabati. Aliujaza kwa dakika kumi. Ukurasa wa pili ulitaka majina ya watu wote anaozungumza nao, namba zao za simu, na kiwango cha ukaribu kutoka moja hadi tano. Huo aliuacha mweupe.

Mkuu wa idara wa sasa ni muungwana, lakini ni mtu wa fomu. Alimweleza kwamba bila ukurasa wa pili makao makuu hayatatoa cheti cha utumishi, na mtu wa miaka ishirini na tisa ya kazi ataondoka kama mtu aliyepita kuuliza njia. Inafaa tueleze kwamba wote wawili walikuwa na hoja. Ofisi isipokabidhiwa watu, kazi ya miaka yote hiyo inatoka getini ndani ya mkoba mmoja. Na watu wakikabidhiwa kwa fomu, wale walioongea na mtu watashtukia kwamba waliongea na jengo. Mama Viti alimjibu kwa utulivu: "Meza naikabidhi, bosi. Watu nitawauliza kwanza." Akaomba wiki sita na gari la ofisi.

Mrithi wake alikuwa ameshapatikana. Ni mama wa watoto wawili, mwandishi wa habari wa zamani, hodari, aliyezoea kuuliza maswali kumi kwa pumzi moja. Wakaanza kuzunguka wawili hao, nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi. Mama Viti alikuwa na maneno yale yale kila mahali: mimi naondoka, huyu anaingia, ukitaka uendelee naye, usipotaka leo ndiyo mwisho na hatutagombana.

Hawakupokelewa kwa namna moja. Mwenyekiti wa akina mama wa sokoni alimtazama mrithi kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Huyu ndiye? Mbona macho yake yanaandika?" Mama Viti akamgeukia mwenzake: "Kalamu irudi mkobani, mdogo wangu. Haikualikwa." Wakakaa saa mbili wakizungumza bei ya vitunguu, magoti yanayouma na homa ya mtoto mdogo wa mrithi. Siasa haikutajwa, na mrithi anakiri kwamba aliumia kama mtu anayezuia chafya. Mwalimu mkuu mmoja alikubali kabla hawajaketi. Mkodishaji wa viti alikataa kwa upole: amezeeka, alisema, na isitoshe mikutano ya siku hizi haisomeki, watu wanasimama, wanajipiga picha, wanaondoka.

Kwa jumla watu walikuwa arobaini na watatu. Ishirini na sita walikubali. Sita walisema wataliangalia, na msomaji sasa anajua maana yake. Kumi na mmoja walikataa. Hao hakuwabembeleza. Alitoa simu, akafuta namba zao mbele ya macho yao, akawashukuru.

Aliporudi, aliandika kwa mkono kwenye ukurasa wa pili: "Waliokubali wameshajuana na mrithi wangu. Waliokataa hawakuwahi kuwa mali ya ofisi." Mkuu wa idara aliusoma mara mbili, akautia kwenye mtoto wa meza. Ulikaa humo siku nne, na siku hizo nne sisi wa korido ile tulitembea kwa ncha za vidole na kufunga milango kwa mikono miwili. Siku ya tano aliutoa, akaongeza chini kwa wino wake, "Nimesoma. Nimeridhika," akautuma jinsi ulivyo. Cheti kimefika Jumatatu hii. Kina muhuri mkubwa unaong'aa. Mama Viti alikitazama kidogo, akakirudisha ndani ya bahasha.

Alichokuwa akikingoja hakiletwi na posta. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu ziara ya mwisho, na simu ya mrithi ilikuwa kimya. Kukubali mbele ya Mama Viti ni adabu. Kupiga simu mwenyewe ni jambo jingine, na hakuna fomu inayoweza kumlazimisha mtu. Kila asubuhi mrithi alifuta vumbi kwenye ile simu kana kwamba tatizo ni vumbi.

Jumatano, yapata saa tano, ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa soko, na sauti yake haihitaji spika: "Wewe mwenye macho, upo? Watoto wazima? Na yule mdogo, homa imeshuka?" Salamu zilichukua dakika sita. Kisha sauti ikashuka, na mrithi akasikiliza muda mrefu bila kushika kalamu, akiitikia tu, "Naam, mama. Nimekuelewa, mama." Meza ya pili, Mama Viti alikuwa ameinamia gazeti, akisoma kwa bidii kubwa ukurasa wa matangazo ya zabuni. Simu ilipokatwa, aliuliza swali moja tu: "Ameniulizia?" Mrithi, kwa haya kidogo, akajibu kwamba hapana, hata salamu hakutuma. Mama Viti akakunja gazeti. "Vizuri sana," akasema, uso wote ukicheka, akafungua mtoto wa meza na kuanza kutoa vitu vyake.

Mumewe, mwalimu wa hesabu, ametuambia amejiandaa: sasa atakuwa yeye peke yake anayesikilizwa, na tayari ameanza kupima anachosema. Wajukuu wawili nao wanajua kwamba kwa bibi "tutaona" haitapita bila kutafsiriwa.

Mama Viti, asante kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kuandika, na kwa kuwalinda watu ambao sisi tusingejua hata kwamba wanahitaji kulindwa. Pokea heshima zetu sote, kuanzia getini hadi ghorofa ya juu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi nyingi za kusoma gazeti kwa kuwa tu umependa kulisoma. Nenda salama, dada yetu, na uishi vyema.